Jiko la Majaribio

"Mama, wateja wenyewe ndio walioomba!" binti yangu Imelda alinifokea, tukiwa pembeni ya foleni ya malori mpakani Tunduma. "Nimewasikiliza madereva wiki nzima. Wanataka jiko dogo la mkaa, liingie kwenye kabini."

"Na wewe ukawatengenezea?"

"Moja tu, la majaribio. Nilimpa dereva wa lori hili jana usiku, baridi ilipomzidi. Nimekuja kumuuliza amelionaje."

Foleni ilikuwa imesogea, lori hilo halikusogea. Waliokuwa nyuma walipiga honi. Niligonga mlango, kimya. Nilibandika kiganja kwenye kioo kilichofungwa mpaka juu. Kilikuwa na joto; mkaa ulikuwa bado unawaka humo ndani, bila upenyo wa hewa.

Niliinama, nikaokota jiwe.

"Amelala tu, mama. Ukimvunjia kioo hatanunua."

Nilikivunja.