Kundi la Waonjaji

“Kuonja si kazi, Siwema! Mimi naonja mchuzi kila siku, nani ananilipa?”

“Lakini mama, imo kitabuni.” Siwema alimsogezea mama yake, Bi Hidaya, kile kitabu kinene cha maktaba kilichopanga kazi zote kwa makundi na namba. Alitaka kwenda kuomba kazi ya kuonja chai kwenye kiwanda cha chai. Mama alishaamua asomee ukarani.

Bi Hidaya akafuata mistari kwa kidole. Waonjaji wa vyakula na vinywaji walikuwa jirani na waokaji na wachinjaji. Akavaa miwani.

“Wananusa, wanaonja, wanatema. Wanatema chai ya watu?”

“Wakiimeza yote, mama, watalala saa ngapi?”

Mama akacheka bila kupenda. “Na wakishatema?”

“Wanasema ni ya daraja gani.”

“Wanajuaje?”

“Hapo kitabu hakisemi.”

Bi Hidaya akakifunga, akasimama. “Basi twende tukawaulize wenyewe.”

Walifika kwenye geti la kiwanda wakihema. Harufu ya majani mabichi ilivuka ukuta. Siwema akafumba macho, na mama yake akaanza kugonga geti kwa kiganja.