Moshi wa Kiwanda cha Sabuni

"Mtu mzima anachemsha pipa la maji matupu ili wateja waone moshi!" alisema mcheshi wa darasa, na ukumbi mzima ukaangua kicheko. "Huyo si mfanyabiashara, huyo ni mwigizaji!"

Kijana wa kiti cha nyuma hakucheka. Masikio yalimwaka moto.

Kisa alichowagawia mhadhiri wa biashara kilihusu mwenye kiwanda cha sabuni aliyefilisika. Jina lilikuwa limebadilishwa, na mji pia. Lakini lile pipa kijana alilijua. Yeye ndiye aliyekuwa akichochea kuni chini yake kila jioni, kiwanda kimeshakufa, huku baba yake akimnong'oneza, "Hili tunalijua watatu tu: mimi, wewe na mama yako."

Baba ziwa lilimchukua miaka kadhaa nyuma. Wavuvi walirudisha viatu vyake tu. Tangu hapo kijana hakuruhusu mtu yeyote alichezee jina la mzee wake. Alishawahi hata kupigana kwa ajili yake.

"Wewe kule nyuma," mhadhiri alimwita. "Kosa kubwa la huyu bwana ni lipi?"

"Kuoa!" alijibu, akabeba mkoba wake na kutoka.

"Makubwa!" mtu akasema nyuma yake.

Kwenye korido alimpigia mama yake simu.

"Mama, umemwanika baba. Darasa zima linamcheka."

"Nani kamwanika nani? Mwanangu, leo umekula kweli?"

"Moshi, mama! Pipa la maji! Nani mwingine alijua?"

"Haki ya Mungu sijamwambia mtu. Wameniposa nikakataa kwa heshima ya baba yako, leo nimtangaze?"

"Basi moshi ulijisimulia wenyewe."

"Mwanangu, nisikilize..."

"Usiniite mwanao." Akakata. Simu ikaita tena, ikaita, akaiacha iite.

Mlango wa ukumbi ulifunguka. Mhadhiri alitoka na karatasi zake kwapani, akamtazama kwa huruma.

"Kijana, kulikoni?"

"Mwalimu, nataka jambo moja tu. Habari za ule moshi umezipata kwa nani?" Akamsogelea. "Ni mjane wake, sivyo?"

"Mjane?" Mhadhiri alikunja uso. "Mjane wa nani? Mimi siandiki kisa kwa maneno ya mtaani. Alinisimulia mwenye kiwanda mwenyewe mwezi uliopita, ofisini kwake, tena akicheka kuliko ninyi. Aliniomba tu nibadilishe jina na mji. Mkewe ndiye aliyetuletea chai, kichanga kikiwa mgongoni."