Nipe Mji

Haruni alifunga madumu mawili ya maji kwenye pikipiki, juu ya hema. Kesho angeingia jangwani kwa siku nne, na maji hayo yalitosha siku mbili tu. Mengine angechota njiani.

Bibi mwenye nyumba alimwona ana hofu, akamchokoza. "Kitendawili!"

"Tega."

"Kutwa tuko pamoja, jua likizama ananikimbia."

"Nimeshindwa, Bibi."

"Umeshindwa na kivuli chako? Haya, nipe mji!"

"Nakupa Majimengi. Ndiko nitakakochota maji."

Bibi aliacha kucheka. "Nimezaliwa huko, mjukuu wangu. Hakuna hata kisima. Wazee walipaita hivyo kwa kuomba."

Haruni alikunjua ramani, akasogeza kidole mbele. Mtoni. Bustanini. Neema.