Kutu Haimo

Mwanahawa, fundi wa maji aliyekuwa zamu siku hiyo, aliingia ofisini kwa mkuu wake akiwa amelowa mpaka kiunoni. Mkononi alishika kipande cha bomba lililopasuka asubuhi na kuacha nusu ya mji bila maji.

Bwana Kisanga hakukitazama. "Funga tukio kwenye simu yako. Siku hizi programu inataka uchague chanzo."

Mwanahawa akaisoma orodha. Vyanzo vilikuwa vitatu: uzembe wa aliye zamu, kuchelewa kwa aliye zamu, kosa la aliye zamu.

"Kutu haimo," alisema.

"Chagua chochote, dada. Ni utaratibu tu."

"Bomba hili nimekuandikia barua nne, bosi. Sichagui."

"Usipofunga ndani ya dakika kumi, tukio linapanda kwangu."

"Likishapanda, aliye zamu anakuwa nani?"

Bwana Kisanga aliguna, akarudia makaratasi yake.

Mwanahawa alivuta kiti akakaa, maji yakimchuruzika sakafuni, akakilaza kile kipande juu ya makaratasi ya mkuu wake. Simu yake ikalia kumkumbusha. Akaiacha ilie. Ikalia tena, naye akawa anakamua upindo wa sketi yake taratibu, kama mtu aliye nyumbani kwake.

Ilipofika dakika ya kumi, simu yake ikanyamaza. Ya Bwana Kisanga ikaanza kulia mfukoni.

Ndipo alipokitazama kile kipande. Alikigusa kwa ncha ya kidole, na kidole kikapenya mpaka ndani.