Ngiri Mchoma Mkaa na Shimo la Kanga

Hapo kale, moshi wa nchi ya wanyama ulipokuwa mrefu kuliko miti yake, hakuna aliyemshinda Ngiri kwa kuchoma mkaa. Alijua kuchimba, na alijua kuliziba tanuri kwa udongo hata pumzi isipenye.

Baraza likapiga marufuku mkaa. Ngiri akacheka. "Watapikia hotuba?" Akaendelea kuchoma kichakani, na majirani walewale waliopiga makofi barazani wakaja kununua kwa mlango wa nyuma.

Siku moja akajiwa na Kanga, fundi wa gesi ya kupikia inayotoka kwenye shimo la samadi, mabawa yameinama.

"Bwana Ngiri, shimo langu linavuja gesi yote. Nchi nzima inanicheka."

Ngiri akalichungulia, akafura. "Bibi Kanga, hili ni shimo au chujio? Sogea huko!"

Akachimba upya, akakandika, akaziba. Samadi ilipochacha, Kanga akawasha jiko. Moto wa buluu ukasimama, moshi hakuna.

"Sasa kila nyumba itataka shimo lake," Kanga akasema. "Nani atachimba?"

 Kulipokucha, Ngiri alikuwa mlangoni kwa Nyati, yuleyule ambaye kila siku alimtukana kwa kuacha mavi njiani, naye Ngiri amebeba mzigo wa majani mabichi mgongoni.

"Shikamoo, mzee wangu! Kula, kula ushibe vizuri."

Mkaa haukupigwa marufuku mara ya pili. Kwa mashimo ya kuchimba, mchomaji wake hakuwa na nafasi.