Soda ya Zambarau Imerudi

"Ndugu wananchi," Ndeshi alitangaza mlangoni kwa sauti ya paredi ya shule ya bweni, "baada ya miaka thelathini, kiwanda kimesikia kilio chenu. Soda ya Zambarau imerudi."

Wananchi walikuwa bibi yake peke yake, akimenya ndizi za mtori. Kiwanda kilikuwa sufuria ya maua ya rozela na baking poda.

Bibi alifuta mikono kwenye kanga, akapokea glasi, akanywa funda moja. Povu la zambarau lilibaki juu ya mdomo wake, asilifute.

"Babu yako alininunulia hii siku ya kunichumbia. Chupa moja, mirija miwili."

Ndeshi alikuwa ameandaa kicheko tangu asubuhi. Sasa hakukiona.

"Twende," bibi alisema, akinyanyuka na glasi. "Naye aonje."

Kaburi la babu lilikuwa kati ya migomba, hatua chache nyuma ya jiko. Bibi aliinamisha glasi, kisha akasita.

"Hapewi kitu bila kuambiwa kimetoka wapi. Umeleta wewe, mwambie wewe."

Ndeshi alichuchumaa kando ya kaburi.

"Shikamoo, babu," alisema. "Ni rozela. Nimeipika mimi, bibi alipokuwa kanisani."