Kiapo Juu ya Bati

Jumamosi, tarehe 22 Novemba 2025. Mvua ilikuwa ikinyesha Nyarubungo tangu kabla ya mapambazuko, ndogo na ya mfululizo. Kila kitu kililowa: migomba, mabati ya mtego wa senene, na uso wa Niyongabo, ambao damu yake haikupata nafasi ya kuganda.

Wanakijiji walimfunga kwa kamba ya ng'ombe kwenye nguzo ya taa inayowavuta senene kwenye mabati ya mtego. Meno yake mawili ya mbele hayakuwepo tena.

"Shikamoo, mzee Maduhu," alisema. "Nisaidie, baba."

"Marahaba," mwenyekiti wa kitongoji akajibu kwa mazoea, kisha akaona aibu, akatazama pembeni.

Ndani ya nyumba, Anatoli alilala chini ya shuka. Jana yake alikunywa urwagwa, pombe ya ndizi, na Niyongabo, kibarua wake, kutoka kibuyu kimoja. Alfajiri alitoka kukusanya senene, akafa. Hakuwa na jeraha la panga wala la rungu. Basi ni sumu, watu walisema. Tena Niyongabo alizaliwa katika kambi ya wakimbizi ya Lukole kwa wazazi wa Kirundi, na kwa wengi pale huo ulikuwa ushahidi wa kutosha.

Aliyempiga kuliko wote ni Leonidasi, kaka wa marehemu. Alikuja na mabuti ya mpira aliyoazima kwa Anatoli jana yake, akayavua mlangoni kama ilivyo desturi ya msiba, akamwangukia mdogo wake akimwita jina la utotoni. Kisha akatoka peku, akachukua mpini wa jembe.

"Sema ulimpa nini!"

"Tulikunywa wote, mzee. Kama ni sumu, mbona mimi nimeamka?"

"Leo utalala."

Mpini ukashuka begani. Mfupa ukalia.

"Mpige na la kushoto," mtu akasema nyuma, "asije akadai amepunjwa." Wakacheka. Tairi lilikwisha kuletwa. Dumu la petroli lilikuwa linapita mkono kwa mkono.

Francisca, mjane, alitoka ndani akasimama kati ya mpini na yule kijana.

Ndiye aliyemkuta mume wake, chali kwenye tope pembeni ya bati, peku. Kabla ya kumgusa alirudi ndani akashusha swichi ya mtego kukata umeme, kama mwalimu wa fizikia wa darasa lake la jioni alivyowafundisha. Hakumwambia mtu. Kisha akamfungua kiganja, akaona alama nyeusi, ndogo, kama ya kaa la moto. Alipiga magoti kusali, na katikati ya sala hesabu ikaja yenyewe.

"Siyo sumu," alisema sasa. "Ni umeme. Volti mia mbili thelathini. Mtu aliyelowa, aliye peku kwenye tope, ukinzani wake unaweza kushuka hadi ohm elfu moja. Gawanya volti kwa ukinzani, unapata karibu robo ya ampea. Moyo husimama hata kwa sehemu ya kumi ya ampea. Ukizidisha ampea hizo kwa volti, ni wati hamsini na tatu tu, hata taa moja ya mtego huu haiwaki kwa nguvu hiyo. Lakini mtu anakufa. Angekuwa na mabuti yake, mpira ungeuzuia umeme usipite, na tungekuwa naye."

"Mwanafunzi huyo!" Benedicta, jirani yao, alipiga makofi. "Mume hajazikwa, yeye anafanya hesabu!"

Leonidasi alifuta machozi kwa mkono wenye damu. Alizungumza kwa upole.

"Pole, shemeji. Mitego yote ya hapa nimeifunga mimi. Umeme uko juu kwenye taa. Bati liko chini, halina umeme, na halijawahi kuwa nao hata siku moja. Huyu amemuua mdogo wangu juu ya kilima cha baba yetu. Pisha."

Midomo ya Francisca ilikuwa inatembea bila sauti. Walisubiri, maana walimjua kwa sala.

"Basi nimekosea," alisema. "Ila uyaapie kwanza hayo uliyosema, shemeji, kama mnavyoapa katika ukoo wenu. Peku, kiganja juu ya kitu cha mwisho alichoshika marehemu. Ni bati lile. Apa, kisha kiberiti nitawasha mimi mwenyewe."

"Mama," Niyongabo alisema, "hata wewe?"

Francisca alimwonyesha Leonidasi bati kwa mkono.

Watu wakafungua njia. Leonidasi akaenda hadi kwenye bati. Maji yalikuwa yakiteremka juu yake, na senene wachache walikuwa bado wakirukaruka chini. Akanyoosha mkono. Ulipobaki upana wa kidole, ukasimama.

"Ardhi baridi," alisema.

Akarudi hadi mlangoni. Aliketi kizingitini, akafuta nyayo zake kwa shati, akavaa mabuti ya marehemu, moja, kisha la pili, akayavuta hadi magotini.

"Leonidasi," mzee Maduhu alisema polepole, "kiapo chenu si huwa peku?"

Hakuna aliyecheka tena. Mwenye dumu aliliweka chini. Leonidasi alipita katikati yao, mpira ukifyonza tope kila hatua, na wote, hata Benedicta, walikuwa wakimtazama miguu.

Aliweka kiganja juu ya bati, akainua sauti:

"Naapa mbele ya Mungu na mbele yenu wote: aliyemuua mdogo wangu hataliona jua la kesho!"